Uzi: Sara Gama, beki aliyetwaa Scudetto sita na zote akiwa "mchezaji wa ridhaa"

KitasaMstaafu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi kwenye uzi wa mabeki bora wa kike nilitaja jina la Sara Gama, mtu akaniuliza "huyo ndo nani?" Nikasema haya, ngoja nishushe uzi. Vuteni viti, chai iwe karibu, ni mrefu.

Kwa ufupi kwanza. Mzaliwa wa Trieste, Machi 1989, mama Mwitaliano, baba Mkongo. Beki wa kati, ingawa ujanani alicheza sana pembeni. Mechi 140 timu ya taifa ya Italia, nahodha wa Kombe la Dunia 2019 na nahodha wa kwanza wa Juventus ya wanawake. Ametundika daluga mwaka 2024.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Scudetto, yaani ubingwa wa ligi ya Italia, anazo sita: 2016 na Brescia, halafu 2018, 2019, 2020, 2021 na 2022 na Juventus. Sasa Serie A ya wanawake imekuwa ligi ya kulipwa rasmi tarehe 1 Julai 2022. Pigeni hesabu wenyewe. Sita zote amezivaa kifuani wakati kwenye makaratasi ya nchi yake ni mchezaji wa ridhaa. Yeye na kijana wa kiume anayecheza Jumapili kijijini kisha Jumatatu anarudi gereji, kisheria walikuwa kapu moja.

Naendelea, msinikatishe.

NdotoZaMkeka

Siti ya mbele. Kahawa na kashata pembeni.

KitasaMstaafu

Trieste ni mji wa bandari kaskazini mashariki kabisa, ukivuka kidogo tu uko Slovenia. Huko ndiko binti huyu alianza kupiga mpira na wavulana kwenye timu ya mtaani, Zaule. Italia wasichana walikuwa wanaruhusiwa kuchanganyika na wavulana mpaka umri fulani, ukifika unaambiwa asante, katafute timu ya kike. Tatizo timu ya kike haipo mlangoni. Akapata Polisportiva San Marco, halafu akapanda kwenda Tavagnacco, upande wa Udine, huko ndiko Serie A ilikomjua.

Mwaka 2006, akiwa na miaka 17, akavaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa. Shikeni mwaka huo, nitaurudia chini.

Mwaka 2008 akawa nahodha wa Italia chini ya miaka 19 kwenye ubingwa wa Ulaya uliochezwa Ufaransa. Fainali na Norway, Italia 1, Norway 0. Ubingwa wa kwanza wa Italia katika ngazi hiyo kwa wasichana. Baada ya hapo Chiasiellis, akaruka Marekani kidogo kwa Pali Blues ya Los Angeles, akarudi, 2012 akaingia Brescia. Na katikati ya safari zote hizo alikuwa anasoma. Ana shahada ya lugha kutoka Chuo Kikuu cha Udine. Ukiwa mchezaji wa ridhaa unasoma, kwa sababu huna uhakika goti likienda utakula nini.

MwanaKivu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Huyu dada ni damu yetu, andika kwa herufi kubwa: MKONGO. Beki wa Kongo hapiti mtu.

Pwani_Asilia

@MwanaKivu ndugu yangu, Kongo ziko mbili, usikimbilie kuandikisha shamba.

MwanaKivu

Zote mbili tunakubali. Mtoto hakataliwi.

KitasaMstaafu

Hahaa. Ila ndugu wa Kivu ana hoja kuliko anavyodhani. Mwaka 2018, Siku ya Wanawake Duniani, kampuni ya Mattel ilitoa midoli ya Barbie ya wanawake halisi, na Mwitaliano mmojawapo akawa Sara Gama. Nywele zake zile zile za afro, jezi ya buluu, mpira. Mdoli wa kwanza wa binti mweusi wa Italia kwa watoto wengi pale. Na wenye kujua viwanja vya Italia wanajua mchezaji mweusi anaitwa nini akiupoteza mpira. Kitambaa cha unahodha wa Azzurre, yaani timu ya taifa ya wanawake ya Italia, kwenye mkono wa binti wa baba Mkongo si jambo lililopita kimya nchini kwao, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kelele.

Turudi uwanjani. 2013 akaenda Paris Saint-Germain. Misimu miwili. Msimu wa pili klabu ikafika fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Berlin, Mei 2015, wakalala 2-1 kwa Frankfurt. Kwa Ufaransa klabu ilikuwa inaweza kumpa mwanamke mkataba wa kazi. Ndipo alipoonja maisha ya kulipwa. Halafu 2015 akarudi Brescia. Yaani ametoka kwenye mkataba, amerudi kwenye posho.

DadaWaTimu

Hapo kwenye "posho" fafanua mkuu. Italia tajiri ile, Juventus, Milan, wanamlipaje mtu posho?

KitasaMstaafu

@DadaWaTimu swali zuri. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 ya Italia ndiyo iliyokuwa inasema mwanamichezo wa kulipwa ni nani. Lakini sheria haikutaja michezo, iliwaachia mashirikisho yenyewe yaamue. Shirikisho la mpira, FIGC, likaamua wanaume wa ligi za juu ndio wa kulipwa. Wanawake wakabaki chini ya ligi ya ridhaa. Haikuandikwa popote "wanawake hapana". Hawakuingizwa tu. Wakakaa nje miaka arobaini na moja.

Maana yake nini mfukoni? Enzi hizo mchezaji wa ridhaa alikuwa analipwa kwa makubaliano ya mwaka mmoja mmoja, na kulikuwa na dari: takriban euro 30,000 kwa mwaka kabla ya makato. Uwe nahodha wa taifa, uwe umefunga mabao hamsini, dari ni lile lile. Na si hela tu. Huna michango ya pensheni kama mfanyakazi, huna kinga ya uzazi ya mfanyakazi, bima ni ya kubahatisha. Ukifikisha miaka 35 umevaa medali kumi na mbili, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wewe hujawahi kufanya kazi.

DadaWaTimu

Duh. Kwa hiyo medali ipo, mafao hamna.

Pwani_Asilia

Mkuu hayo ya sheria tumeelewa, tuletee mpira. 2019 nilikesha.

KitasaMstaafu

Haya, 2019. Lakini lazima nianzie Verona, Novemba 2014.

Italia ilikuwa haijaenda Kombe la Dunia tangu 1999. Kwa ajili ya 2011 walitolewa na Marekani kwenye mchujo wa mwisho. Kwa ajili ya 2015 wakakutana na Uholanzi kwenye mchujo wa mwisho tena. Kule Uholanzi sare 1-1. Marudiano Verona, Waitaliano wakajua sasa tumefika, wakafungwa 2-1. Mabao yote matatu ya Uholanzi katika mechi zile mbili alifunga msichana mmoja wa miaka 18: Vivianne Miedema. Jina hilo nalo lishikeni.

Kwa hiyo Italia inapotua Ufaransa 2019, chini ya kocha Milena Bertolini, Gama ana miaka 30, na ni Kombe lake la Dunia la kwanza. Mechi ya kwanza Valenciennes, tarehe 9 Juni, dhidi ya Australia ya Sam Kerr.

Dakika ya 22, Kerr anaingia ndani ya boksi, nahodha wetu anamvuta. Penati. Kipa Laura Giuliani anaipangua ile penati, mpira unarudi mguuni kwa Kerr mwenyewe, nyavuni. Miaka 20 unasubiri, halafu nahodha ndiye aliyesababisha. Wengi mngejificha. Angalieni marudio ya kipindi cha pili: mstari wa ulinzi wa Italia umepandishwa juu, yeye ndiye anayeusogeza kwa mkono, kila Australia wakitaka kupiga mrefu wanajikuta wameotea au wamekutana naye. Barbara Bonansea akasawazisha dakika ya 56. Dakika ya 95, mpira wa adhabu, Bonansea kichwa. 2-1. Mimi nilipiga ukelele, mke akadhani tumeibiwa.

Baada ya hapo Jamaica 5-0, Cristiana Girelli matatu. Brazil wakashinda 1-0 kwa penati ya Marta, bao lake la 17 la Kombe la Dunia, lakini Italia wakaongoza kundi. Mechi hiyo kwenye televisheni ya Rai 1 peke yake walitazama watu zaidi ya milioni 6. Hatua ya 16 bora China 2-0. Robo fainali, nani anasubiri?

NdotoZaMkeka

Uholanzi. Usinikumbushe, mkeka wangu ulichanikia hapo.

KitasaMstaafu

Uholanzi. Na Miedema.

Valenciennes tena, tarehe 29 Juni, saa tisa alasiri. Ufaransa wiki ile ilikuwa inaungua, joto la ajabu, wachezaji wanasimama kunywa maji katikati ya kipindi. Waitaliano walicheza vizuri nusu saa ya kwanza kisha miguu ikaisha. Dakika ya 70 Sherida Spitse anapiga mpira wa adhabu, Miedema kichwa. Dakika ya 80 Spitse tena, mpira wa adhabu, safari hii Stefanie van der Gragt kichwa. Mabao mawili ya nakala moja.

Kama uliwahi kucheza beki wa kati unajua uchungu wa bao la namna hii. Si kwamba umepigwa chenga. Umesimama mahali pako, umemshika mtu wako, na sekunde ile ambayo mguu unagoma kuruka ndiyo mpira unapita.

BekiHalaliki

Nikubali nisikubali, huyu mama alikuwa mzito. Nimeangalia mechi nyingi. Mbele ya mastraika wenye spidi alikuwa anaumia. Na penati ya Kerr ndiyo ushahidi. Mnampaisha kwa sababu ya historia ya maisha yake.

KitasaMstaafu

@BekiHalaliki karibu, nilikuwa nakusubiri. Mzito mwishoni, ndiyo. Euro 2022 Ufaransa waliwapiga Italia 5-1 mechi ya kwanza, mabao yote matano kipindi cha kwanza, na yeye alikuwa ndani. Siwezi kutetea usiku ule, hautetewi. Lakini ujanani alikuwa na kasi ya kumfanya acheze pembeni, hujazaliwa tu wakati ule. Na beki hapimwi kwa mbio peke yake. Pima msimu wa 2020/21: Juventus ya kocha Rita Guarino ilicheza mechi 22 za ligi, ikashinda 22. Sare hamna. Timu haishindi mechi zote ikiwa na tundu katikati.

TurinoKwaBaridi

Niongeze mimi, naishi Torino. Tarehe 24 Machi 2019 nilikuwemo Allianz Stadium, Juventus na Fiorentina, mara ya kwanza wanawake kucheza pale. Kiingilio bure. Tulifikiri watafungua jukwaa moja. Watu 39,027. Nilisimama foleni na mabibi waliobeba wajukuu, wasichana wadogo wamevaa jezi za timu zao za mtaani, kila moja rangi yake, siyo za Juve. Bao moja tu, Sofie Pedersen Mdenishi, dakika za lala salama. Baada ya filimbi nahodha alizunguka uwanja polepole, wale watoto wakimwita "Sara, Sara" kama wanamwita shangazi. Tulipotoka jirani yangu Mwitaliano, mzee wa kama sabini, akaniambia hajawahi kumwona mkewe uwanjani kabla ya siku ile.

Pwani_Asilia

Hii ndiyo michango tunayotaka. Asante mkuu wa Torino.

DadaWaTimu

Mkuu kitasa, ile ya 2018 ilikuwaje? Nilisikia walichukua kwa matuta.

KitasaMstaafu

Ndiyo. Juventus walianzisha timu ya wanawake 2017 kwa kuchukua nafasi ya Cuneo kwenye ligi. Gama akatoka Brescia akaenda. Mwisho wa msimu, nani wamelingana pointi kileleni? Juventus na Brescia. Ikapigwa mechi moja ya mwisho Novara, dakika zote 120 bila bao, mikwaju ya penati, Juventus wakachukua. Yaani alimnyang'anya kombe mama aliyemlea.

Na Brescia? Wiki chache baadaye nafasi yao kwenye ligi ikaenda kwa Milan. Klabu iliyotwaa ubingwa 2014 na 2016 ikatoweka ngazi za juu. Ndivyo wakubwa walivyoingia mpira wa wanawake: hela zimekuja, viwanja vimekuja, na walioshika taa gizani wakaambiwa wapishe.

Mwaka 2020 corona ikaja. Serie A ya wanaume ilirudi Juni ikamaliza mechi zake. Ya wanawake ilifungwa hapo hapo, Juventus wakatangazwa mabingwa kwa vile walikuwa wanaongoza. Masharti ya vipimo na madaktari yalitaka klabu yenye uwezo, na ligi ya ridhaa ingeutoa wapi? Ule Scudetto alipewa kwa barua. Mwisho wa mwaka huo akachaguliwa makamu wa rais wa chama cha wachezaji cha Italia, AIC. Alikuwa ameanza kazi ya mezani zamani, vikao vya shirikisho, kamati, tai shingoni asubuhi na mazoezi jioni. Aprili 2022 baraza la FIGC likapitisha ligi ya wanawake iwe ya kulipwa, Julai mosi ikaanza kazi.

BekiHalaliki

Sawa kwenye mambo ya vikao namvulia kofia. Ila 2023 kocha alifanya sahihi kumwacha.

KitasaMstaafu

Aah, 2023. Hapa ndipo ninapoumia, nitasema taratibu.

Bertolini ndiye aliyemfundisha Brescia. Scudetto ya 2016 ni yao wote wawili. Ndiye aliyempa kitambaa 2019. Kiangazi cha 2023 anataja kikosi cha kwenda kujiandaa na Kombe la Dunia la Australia na New Zealand, nahodha wake hayumo, hata kwenye orodha ndefu. Badala yake kuna watoto, akiwemo Giulia Dragoni, kiungo wa miaka 16. Nilisema mshike 2006? Dragoni kazaliwa Novemba 2006. Gama alikuwa ameshavaa jezi ya taifa kabla mtoto huyu hajazaliwa.

Simlaumu kocha kwa kutazama mbele, beki wa miaka 34 lazima ujiulize. Nilichokiona mimi ni hiki: Italia wakawashinda Argentina 1-0, bao la Girelli dakika za mwisho. Sweden wakawapiga 5-0, mengi kutokana na kona. Halafu Wellington, tarehe 2 Agosti, sare tu ingewatosha kupita, wanacheza na Afrika Kusini.

MwanaKivu

BANYANA BANYANA!!! Kgatlana dakika ya 92! Hapa mtaani tulipiga masufuria.

NdotoZaMkeka

3-2. Mkeka ulitiki. Kwa hiyo tumshukuru kocha kwa kumwacha.

KitasaMstaafu

Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa upande wa Banyana, nisiwadanganye. Lakini lile bao la kujifunga la Italia, pasi ya nyuma ambayo kipa haitarajii, nilipoliona nikasema kimoyomoyo: hapo palihitaji mtu wa kupiga kelele nyuma.

Bertolini akaondoka. Akaja Andrea Soncin, akamwita tena Gama. Hakumwita kama mapambo, alimwita acheze. Tarehe 23 Februari 2024, Firenze, mechi ya kirafiki na Ireland, 0-0, akaaga timu ya taifa kwa mechi ya 140. Mwisho wa msimu akaaga Juventus na mpira wenyewe. Beki kuaga kwa mechi isiyo na bao, mimi naona hata Mungu ana utani.

Kwa hiyo misimu ya kulipwa ndani ya nchi yake ni miwili tu, 2022/23 na 2023/24, na ligi zote mbili wakachukua Roma.

DadaWaTimu

Yaani siku alipoanza kuitwa mchezaji wa kulipwa ndipo ubingwa ukakauka. Hii imeniuma kuliko penati ya Kerr.

TurinoKwaBaridi

Siyo kukauka kabisa. Kombe la Italia 2023 walilibeba mbele ya Roma, na Supercoppa Januari 2024, Roma hao hao. Kwa hiyo ana vikombe viwili vya "kulipwa".

KitasaMstaafu

Sahihi, asante kwa kunisahihisha. Ndiyo maana kwenye kichwa cha uzi nikaandika Scudetto, sikuandika makombe.

BekiHalaliki

Na ile ya 2014 ya Brescia mbona hujaihesabu? Nilidhani ni saba.

KitasaMstaafu

2014 alikuwa Paris. Sita.

BekiHalaliki

Basi sawa. Wiki ijayo tuletee Cecilia Salvai, beki mwenzake wa Juventus, yule ndiye alikuwa anamfagilia nyuma.

KitasaMstaafu

Alikuwa anamfagilia au alikuwa anafagiliwa? Fungua uzi wewe, nitakuja kukupinga.